Kuzipa alama rege na zaburi za Sinéad O'Connor, wimbo kwa wimbo

Albamu ya Sinéad O'Connor, mwimbaji wa Ireland, iitwayo Throw Down Your Arms, ya 2005, ni rege tupu. Albamu yake nyingine, Theology ya 2007, ni zaburi na maneno ya manabii kwa sehemu kubwa. Watu huzitenga, ya kwanza wakaiita ya Marasta na ya pili ya kanisa, kisha wanazipima kwa mizani mbili tofauti. Hapo ndipo alama zinapoharibika. Kwenye ile ya rege sala zimejaa, na kwenye ile ya zaburi yumo Jah, jina la Marasta la Mungu, na imo mito ya Babeli. Mwanamke ni yuleyule, anasali, mara juu ya besi nzito, mara kwa gita lisilo na nyaya za umeme. Mizani iwe moja, alama juu ya 10: je, unaamini kwamba anaongea na Mungu, au unasikia mtu anayerudia wimbo wa mwenzake?

Usitoe alama yoyote kwa spika ya simu. Waya mnene kuliko yote kwenye gita la besi hutetema mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haifiki chini huko. Utabaki na gita linalochapa na sauti ya mwimbaji, halafu utasema albamu ni nyepesi. Tafuta hedifoni za kufunika masikio au spika yenye besi ya kweli. Halafu kila wimbo wa kurudiwa usikilize hivi: wa asili kwanza, wa Sinéad, wa asili tena. Ukisikiliza mara moja moja, ule uliokua nao utashinda kwa mazoea tu. Na kwa Theology weka Biblia ya Union mezani.

Rege ilirekodiwa Kingston, kwenye studio ya Tuff Gong iliyoko barabara ya Marcus Garvey Drive, maprodyuza wakiwa Sly Dunbar kwenye ngoma na Robbie Shakespeare kwenye besi. Robbie alikuwa mmoja wa wapiga besi kwenye albamu ya 1975 ya Burning Spear, mwimbaji wa rege wa Jamaika, iitwayo Marcus Garvey, kwa hiyo hapa si suala la vijana kuiga wazee. Nguvu ya albamu iko hapo, na udhaifu wake uko hapohapo: upigaji umekaa karibu sana na ule wa asili, hivyo kila kitu kinategemea sauti.

Jah Nuh Dead inafungua bila ala hata moja. 9. Burning Spear mwenyewe aliuimba hivyo, bila chombo, kwenye filamu ya Rockers ya 1978. Wimbo unawajibu waliowaambia watu weusi kwamba Jah amekufa, na jibu la namna hiyo halihitaji ngoma. Sikiliza pumzi kati ya mistari, hazikufutwa. Kisha Marcus Garvey, 7. Spear anaimba kama mzee anayeonya kijiji, tena kazaliwa parokia ya St. Ann alikozaliwa Garvey, mtetezi wa watu weusi. Sauti ya Sinéad ni safi mno kwa onyo hilo. (Wasomaji wa Kenya wakumbuke kwamba jina Burning Spear lilichukuliwa kwa Jomo Kenyatta, aliyeitwa hivyo, mkuki uwakao.)

Door Peep, wimbo uliomtambulisha Spear mwaka 1969, nampa 8. Mchungulia mlango hataingia nchi takatifu: hayo ndiyo maneno, na anayaimba kama anayelinda lango. He Prayed, 7, wimbo mzuri usiokwenda mbali.

Y Mas Gan ya kundi la The Abyssinians ni 9 na nusu. Jina ni Kiamhari, maana yake asifiwe, ashukuriwe. Ya asili imesimama juu ya sauti tatu zinazopandana, kwa hiyo mwimbaji mmoja akiichukua kwa mabavu inaanguka. Yeye haipazi. Anaacha neno lirudi, lirudi tena, mpaka linakuwa kama uradi. Kama unampigia mtu wimbo mmoja tu wa albamu hii, mpigie huu.

Curly Locks, 8. Junior Byles aliuimba kama Rasta anayekataliwa na baba wa msichana kwa sababu ya rasta zake. Hapa unaimbwa na mwanamke anayejulikana dunia nzima kwa kichwa kilichonyolewa, na maneno ya kukataliwa yanapata mwenyewe mpya. Vampire, 6: ule wa Devon Irons uliotengenezwa na Lee Perry una moshi na kiza, huu umepanguswa mno. Prophet Has Arise, 7. Israel Vibration, walioutoa kwanza, walikuwa watu watatu waliougua polio, na sauti zao zina mtetemo ambao ndio wimbo wenyewe. Sinéad ameshika noti zote na mtetemo haupo.

Downpressor Man, 8 na nusu. Marasta husikia neno "up", juu, mwanzoni mwa neno la Kiingereza la kukandamiza, "oppress". Mkandamizaji hamwinui mtu, anamshusha, kwa hiyo wakaweka "down", chini. Peter Tosh aliutoa kwenye Equal Rights ya 1977, lakini mzizi wake ni wimbo wa kiroho wa Wamarekani weusi kuhusu siku ya hukumu: mwenye dhambi anakimbilia bahari, inachemka, anakimbilia mwamba, unayeyuka. Wanaodai albamu hii haina ibada waanzie hapa. Wimbo uliobeba jina la albamu, wa Spear wa 1977, 7 na nusu. Untold Stories wa Buju Banton, wa 1995, ndio mchanga kuliko yote, na ni 9, kwa sababu unaeleza shida ya kula na kulala bila kupamba, na yeye hakupamba.

War, 9. Maneno yametoka kwenye hotuba ya Haile Selassie mbele ya Umoja wa Mataifa Oktoba 1963, Bob Marley akayatoa kwa muziki mwaka 1976. Sinéad alikwisha kuuimba bila ala kwenye televisheni ya Marekani tarehe 3 Oktoba 1992, akabadilisha maneno yaseme juu ya watoto wanaodhulumiwa, kisha akachana picha ya Papa Yohane Paulo II. Siku 13 baadaye, Madison Square Garden, umati ukamzomea. Akaacha wimbo aliokuwa ameuandaa, nao ulikuwa wa kumkiri Mungu, akaipaza War badala yake. Ile ya 1992 ni kali kuliko hii ya studio, ndiyo maana sikutoa 10. Lakini Sly na Robbie wakiwa chini yake, hatimaye maneno yale yana mahali pa kukaa.

Theology ina diski mbili, na nyimbo nyingi zimo kote kuwili. Ya Dublin ni gita, Steve Cooney akiwa mpigaji mkuu. Ya London ina bendi kamili chini ya prodyuza Ron Tom. Msikilizaji mgeni huanza na London kwa sababu imejaa, akachoka katikati. Anza Dublin. Kwa karibu kila wimbo, London inapoteza alama mbili: ngoma na vinanda vinakalia nafasi aliyoiacha kwa ajili ya neno.

Something Beautiful ndio mfano. Dublin 10, London 7. Unaanza kama barua kwa Mungu, mtu anataka kumtengenezea kitu kizuri kutokana na alichopewa naye. Kisha, bila tangazo, anaingia Yeremia: bibi arusi aweza kusahau mapambo yake? Halafu sura ya 6, jeraha la watu linaloponywa juu-juu huku wakisema "Amani, Amani, wala hapana amani". Kwa Dublin sauti inapungua hapo badala ya kupanda, na neno amani linatoka kama la mtu aliyeahidiwa mara nyingi.

Out of the Depths, 9. Ni Zaburi ya 130, "toka vilindini nimekulilia", lakini katikati anamhurumia Mungu mwenyewe, aliyefungiwa na dini zake, akaleta methali ya zamani kwamba Mungu angekaa duniani watu wangemvunjia madirisha. Wapo wanaokwazika na mstari huo. Wasome zaburi zenyewe, zina maneno magumu kuliko hayo.

If You Had a Vineyard ni 10 bila ubishi. Isaya 5: Mungu amelima shamba, ametoa mawe, amepanda mizabibu bora, na limezaa zabibu-mwitu. Kwa Kiebrania mstari wa 7 ni mchezo wa maneno yanayofanana sauti, haki na umwagaji damu, uadilifu na kilio. Kiingereza kinaupoteza mchezo huo na Kiswahili pia. Sinéad anaurudisha kwa njia nyingine, anashusha sauti ileile kwenye tumaini na kwenye kilio, mpaka huwezi kuyatenganisha. Ukifika kwa wale wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, hata wengine wakose nafasi, kila aliyewahi kuona ardhi ya kijiji ikimezwa atajua nabii anasema na nani.

Watcher of Men, kutoka Ayubu, 9. Dark I Am Yet Lovely, 8, Wimbo Ulio Bora ulioimbwa kama wimbo wa mapenzi, jinsi ulivyo. 33 ni zaburi ya jina hilo, "mwimbieni wimbo mpya", 8, na hapa London haiharibu sana kwa kuwa zaburi yenyewe inataka vinanda. Whomsoever Dwells, Zaburi ya 91, 7. The Glory of Jah, 6. Wimbo wa Curtis Mayfield, We People Who Are Darker Than Blue, 6: heshima ipo, ila "sisi" ile ni ya watu weusi, si yake. I Don't Know How to Love Him, wa tamthilia ya muziki ya Jesus Christ Superstar, 5, ya jukwaani mno.

Rivers of Babylon, 8 na nusu kwa Dublin. Afrika Mashariki wengi wanaijua kwa Boney M. ya 1978, ya kuchezwa. The Melodians walishaitoa 1970, wakiunganisha Zaburi ya 137 na mstari wa mwisho wa Zaburi ya 19, na pale penye "wimbo wa BWANA" wakaweka King Alpha, yaani Selassie, ambaye Marasta humwona kuwa Mungu. Sinéad anauondoa kwenye dansi na kuurudisha kando ya mto, kwa watu waliokaa chini wakilia. Ukimaliza Y Mas Gan, ruka moja kwa moja kwenye huu wa Dublin, usibadilishe kiwango cha sauti.