Nilivyosoma uzamili wa rasilimali watu nikiwa kazini, na swali lililonifikisha mwisho

Kabla sijaanza uzamili nilikuwa tayari afisa utumishi wa miaka kadhaa, na kuna jambo lilikuwa likinikera kila mwaka wa fedha unapofungwa. Mtumishi anapelekwa semina. Halmashauri inalipa ukumbi, inalipa mwezeshaji, inalipa posho na nauli. Anarudi na cheti, begi na daftari jipya, halafu kazi yake inabaki ileile. Kwa nini?

Naandika kwa ajili ya watumishi wenzangu wa Njombe, Iringa, Songwe na Mbeya wanaofikiria kusoma fani hii bila kuacha kazi. Wengi hunipigia wakiuliza ada na ratiba. Hayo nitayagusa, lakini kilichonivusha hasa ni kwamba niliingia darasani na hilo swali mkononi na sikuliweka chini hadi siku ya kutetea tasnifu. Kila zoezi la darasani nililigeuza liwe kipande cha jibu. Wenzangu waliosubiri kozi ziishe ndipo watafute mada waliteseka sana, na baadhi yao bado wanateseka.

Chuo nilichosoma na halmashauri nilikofanyia utafiti sitavitaja. Washiriki wangu niliwaahidi kwamba hawatajulikana, na huku Nyanda za Juu tunajuana. Nafasi za kusoma zipo: Mzumbe wana ndaki yao jijini Mbeya, Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani, na Iringa mjini kuna vyuo vikuu zaidi ya kimoja. Ushauri wangu ni kwamba kabla hujalipa ada ya maombi, omba orodha ya masomo uisome yote. Shahada nyingi za fani yetu zinaitwa usimamizi wa rasilimali watu. Ndani yake unaweza kukuta sheria za kazi, mishahara na ajira kwa wingi, na mafunzo ya watumishi yamepewa somo moja tu. Kama unalotaka ni kuendeleza watu, angalia kama kuna somo la tathmini ya mahitaji ya mafunzo, na kama kuna mhadhiri ambaye utafiti wake uko huko. Huyo ndiye atakayekusimamia baadaye.

Ruhusa nilianza kuitafuta mapema. Kwa mtumishi wa umma, jina lako lisipokuwemo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, barua yako itazunguka mezani hadi dirisha la udahili lifungwe. Mimi ndiye niliyekuwa nakusanya mpango huo kwa idara zote, kwa hiyo nilijaza fomu yangu kama nilivyowataka wengine wajaze, nikampelekea mkuu wangu pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja: nitasoma nini, halmashauri itafaidika na nini, na nani atashika kazi zangu siku za mitihani. Ruhusa nilipewa. Fedha hapana.

Nilikuja kuielewa hiyo "hapana" darasani. Gary Becker, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, alitenganisha mafunzo ya aina mbili. Kuna yale yanayomfaa mwajiri mmoja tu, na kuna yale ambayo mfanyakazi anaweza kuondoka nayo kwenda popote. Haya ya pili mwajiri husita kuyalipia, kwa sababu mtu akishasoma anaweza kuhama kesho yake. Uzamili ni mafunzo ya aina hii ya pili kabisa. Nilipoisoma hoja hiyo kinyongo kilinitoka, nikalipa mwenyewe. Mkopo wa mshahara niliukwepa kwa makusudi. Kazi yangu inanionyesha kila mwezi watumishi waliokopa hadi wakagusa ile theluthi ya mshahara isiyoruhusiwa kukatwa, na mtu wa namna hiyo hasomi, anawaza. Nililipa kwa awamu, nikitumia akiba ya SACCOS na fedha ya parachichi. Miti ya hass ndiyo ilikuwa imeanza kuzaa vizuri, na muhula wa pili uliangukia msimu wa kuuza.

Vipindi vilikuwa Ijumaa jioni na Jumamosi. Nilipanda basi Makambako. Anayeijua barabara ile anajua kwamba unaondoka na sweta na koti, ukifika Chimala joto la Usangu linakuvua vyote, na Uyole unavivaa tena. Safari hiyo niliifanya kuwa maktaba. Makala nilizipakua usiku kwa bando la usiku, nikazisoma kwenye simu hadi Igawa, halafu nikafumba macho na kujaribu kueleza nilichosoma kwa maneno yangu mwenyewe. Nilichoshindwa kukieleza nilikirudia. Sikuwa na muda mwingine wa kusoma wenye utulivu kama ule, maana nyumbani kulikuwa na watoto na ofisini kuna foleni ya watu wenye shida za mishahara.

Kuhusu nadharia, zipo nyingi na nyingine unazipita tu kwa ajili ya mtihani. Kuna majina matatu niliyashika. Leonard Nadler ndiye aliyelitangaza neno maendeleo ya rasilimali watu kama taaluma, huko Marekani mwaka 1969. Donald Kirkpatrick, kuanzia mwaka 1959, alisema mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, wanafanya nini tofauti wakirudi kazini, na taasisi imepata nini. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Fomu zote tunazowapa washiriki siku ya mwisho ya semina, zile za "ukumbi ulikuwaje, chakula kilikuwaje, mwezeshaji alikuwaje", zinaishia ngazi ya kwanza. Swali langu la miaka yote lilikuwa ngazi ya tatu, na hakuna mtu aliyekuwa akiipima.

Jina la tatu ni mawili kwa pamoja, Timothy Baldwin na Kevin Ford, ambao mwaka 1988 walichambua kinachofanya mafunzo yafike kazini au yapotelee njiani. Walitaja makundi matatu: mtu mwenyewe, namna mafunzo yalivyoandaliwa, na mazingira anayorudi kufanyia kazi, ikiwemo kama bosi wake anamuunga mkono. Sisi maofisa utumishi huwa tunalaumu la kwanza. Tunasema mtumishi ni mvivu, hajitumi. Niliamua utafiti wangu uende kwenye la tatu.

Nilichagua watendaji wa vijiji waliopata mafunzo ya kuandaa taarifa ya mapato na matumizi. Nilikuwa na sababu. Taarifa hiyo inatakiwa isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila robo mwaka, na inatakiwa ibandikwe mahali wananchi wanaiona. Ina maana ngazi ya tatu ya Kirkpatrick unaweza kuiona kwa macho, iko ukutani au haipo. Nawasihi wanaotafuta mada, tafuteni kitu cha namna hii. Ukichagua "mchango wa mafunzo katika ufanisi wa watumishi" utajaza kurasa, lakini hutaweza kumwonyesha mtu ufanisi wenyewe uko wapi.

Dodoso nililijaribu kwanza kwenye halmashauri yangu mwenyewe, kwa watendaji wachache. Nakala zilirudi safi mno. Karibu kila mstari umewekewa alama ya "nakubali kabisa". Je, unatumia ulichofundishwa? Nakubali kabisa. Je, mkuu wako anakusaidia? Nakubali kabisa. Msimamizi wangu alizipitia moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza, "Faili za hawa watu anazitunza nani?"

"Mimi, Daktari."

"Basi hawa wamemjibu afisa utumishi. Mtafiti bado hajajibiwa."

Mazungumzo hayo yaliubadilisha utafiti wote, na ni jambo ambalo mtumishi yeyote anayetaka kutafiti kazini kwake anapaswa kulikalia chini alifikirie. Ukishika faili za mtu, au ukiwa unaandika jina lake kwenye orodha ya kupanda daraja, hatakwambia ukweli hata ukiapa. Nilihamia halmashauri jirani ambako sina mamlaka juu ya mtu yeyote. Barua ya chuo ikaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka hadi kwa Mkurugenzi, kisha kwa watendaji wa kata. Mlolongo huo unakula wiki, kwa hiyo anza nao wakati andiko lako bado linasahihishwa. Dodoso nililipunguza likawa kurasa mbili, uzito nikauweka kwenye mahojiano na kwenye kuangalia ukuta.

Kijiji kimoja sikisahau. Ofisi ina chumba kimoja na ubao wa matangazo nje, chini ya upenu. Nilimsalimia mwenyekiti, mzee mwenye koti zito na kofia ya sufu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kukagua?"

Nikamwambia hapana, nimekuja kujifunza. Akanionyesha ubao. Taarifa ya robo iliyopita ilikuwa pale, imeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, mistari imepigwa kwa rula, mapato upande mmoja na matumizi upande mwingine, muhuri na tarehe chini. Kompyuta hawana wala printa. Pembeni ya mstari wa matofali ya choo cha shule kulikuwa na maandishi madogo ya kalamu ya wino, ya mtu mwingine: "Matofali yapi?" Na chini yake, kwa mwandiko wa mtendaji: "Yapo nyuma ya darasa la tano, njoo uhesabu." Nikaomba ruhusa nikapiga picha.

Mtendaji wa kijiji kile alikuwa kijana aliyehudhuria mafunzo yaleyale, ukumbi uleule, na wenzake ambao mbao zao nilizikuta tupu. Nilimuuliza kilichomsaidia, nikitegemea aseme kuhusu mwezeshaji. Akasema, "Dada, mtendaji wa kata yetu alikuja siku ile ya mwisho akakaa nyuma. Tuliporudi akaniambia tarehe kumi nitapita nione ubao wako. Akapita kweli. Na robo iliyofuata akapita tena."

Vijiji vingine nilisikia tofauti yake. Mmoja alirudi akakuta mkuu wake hajui hata alikwenda semina ya nini. Mwingine aliandaa taarifa, ikakaa wiki nyingi ikisubiri kusainiwa. Mwingine aliniambia alibandika mara moja, wananchi wakauliza maswali, na alipoomba msaada wa kuyajibu akaambiwa aitoe kwanza kuepusha maneno. Hawa wote walijua kazi. Nilikaa nao, wakanichorea jedwali kwenye daftari langu bila kukosea. Ujuzi waliupata ukumbini, na ulipofika ofisini ukakosa mtu wa kuupokea. Nilipokuwa nikisikiliza rekodi zao usiku nyumbani, niliona aibu kwa ajili ya taaluma yetu, kwa barua zote za onyo tunazowaandikia watu wa namna hii.

Uchambuzi niliufanya kwa kalamu za rangi. Nilichapa mahojiano yote, nikapaka rangi moja kila palipotajwa mkuu wa kazi, nyingine kwa vifaa, nyingine kwa wananchi. Rangi ya mkuu wa kazi ilitawala kurasa. Programu za kompyuta za uchambuzi zipo na zinasaidia ukiwa na watu wengi, ila kwa mahojiano yanayotosha meza moja, karatasi inakuonyesha yote kwa mtazamo mmoja. Sura ya nadharia ilinichukua muda mrefu kuliko zote, sura ya matokeo ilijiandika karibu yenyewe, kwa sababu nilikuwa na watu wanaosema.

Siku ya utetezi niliulizwa swali nililolitegemea: unajuaje kwamba ni mkuu wa kazi, na si kwamba mtendaji yule ni mtu mwenye bidii tu? Nikajibu kwamba kwa mtu mmoja siwezi kujua, ndiyo maana niliwafuata waliohamishwa vituo. Kati ya niliozungumza nao walikuwepo waliobandika taarifa chini ya mkuu mmoja wa kata na wakaacha walipohamia kwa mwingine. Mtu ni yuleyule. Nikaweka pia ile picha ya ubao kwenye skrini, na wajumbe wakataka kusoma maandishi ya pembeni. Tulizungumza kuhusu matofali kwa muda kidogo. Nikapewa marekebisho madogo, nikayamaliza, nikahitimu.

Nimerudi kwenye meza ileile. Kilichobadilika ni fomu. Sasa jina la mtumishi haliingii kwenye mpango wa mafunzo hadi mkuu wake wa kazi aandike mistari mitatu: mtumishi huyu akirudi atafanya nini ambacho leo hafanyi, mimi nitampa nini ili akifanye, na nitaangalia lini. Wakuu wa idara wengine walilalamika kwamba ninawaongezea makaratasi. Mmoja alinirudishia fomu ikiwa tupu, nikairudisha kwake na jina likabaki nje hadi alipoijaza. Robo mwaka baada ya mafunzo naenda na nakala ya fomu hiyo, nakaa na wote wawili pamoja, mtumishi na mkuu wake, na mkuu ndiye anayeanza kujibu.