Habasoda, gesi ya soda na vali iliyoganda barafu

Mafuta ya habasoda nayajua toka utotoni, bibi alikuwa anapeleka mbegu zikakamuliwe kwa mashine, yanarudi mazito meusi, unayaacha siku mbili tatu machicha yatuame, na mashudu ukiyafinya bado yanatoa mafuta. Viwanda vikubwa vya mafuta ya mbegu vinatumia heksani, kimiminika kinachotokana na mafuta ghafi ya ardhini, inanyonya vizuri kweli ila lazima upashe moto ili iondoke, na habasoda ukiipasha sana ile harufu yake kali inapotea na mvuke, mi naona hapo umeshaiharibu.

Sasa kuna hii njia ya kutoa mafuta kwa kaboni dayoksaidi, ndo gesi ileile inayofanya soda itoe mapovu. Ukiibana ipite mara 74 ya presha ya hewa tunayovuta, na joto lizidi nyuzi 31, haiwi tena gesi wala kimiminika, inapenya kwenye unga wa mbegu kama hewa huku inayeyusha mafuta kama heksani. Kwa mbegu watu wanapandisha mpaka mara 300 hivi, joto nyuzi 40 au 50 tu. Ukishusha presha gesi inayaachia mafuta, yanadondoka, yenyewe inarudi kwenye pampu. Mjerumani Kurt Zosel aligundua njia hii miaka ya 1960, ikaja kutumika kutoa kafeini kwenye kahawa.

Siku ya kwanza maabara niliweka unga haujakauka vizuri. Dakika ishirini tu mafuta yakakata, naangalia vali, ile ya kushushia presha, imeota barafu nyeupe, kumbe gesi ikitanuka inapoa vibaya mno na ule unyevu ukaganda ndani ukaziba njia. Tukazima, tukashusha presha taratibu, unga ukarudi kwenye oveni. Kusaga nako kuna kazi: mbegu nzima hupati kitu, ukisaga kama vumbi unga unajishindilia, gesi inapita pembeni.

Mara ya pili yakatoka, rangi ya dhahabu, hayana machicha! Nilipaka tone kiganjani harufu ikakaa mpaka jioni, na unga uliobaki niliubana kwenye karatasi haukuacha hata doa.

Mashine ndo ghali, tenki la presha hiyo ni chuma kinene hasa. Kwa hiyo alizeti tuendelee kukamua kawaida, hii iwe ya habasoda, mlonge, ubuyu, vile vinavyouzwa kwa chupa ndogo. Mbegu za ubuyu kilo mbili ziko kwenye oveni sasa hivi, safari hii nazikausha mpaka nijiridhishe.