Vikapu vya zawadi vya nyumbani: ninavyovipanga hadi vimfikie mwenyewe salama

Kabla ya kugusa hata utepe, mimi huamua kwanza anayepewa atakitumia kikapu wakati gani: chai ya jioni, kuoga na kupumzika, au mlo wa haraka kwa mama aliyejifungua ambaye hana nguvu za kusimama jikoni. Nikishachagua, vitu visivyohusika na wakati huo navitoa, hata kama ni vizuri. Vitu vitano hadi saba vinatosha. Vikizidi hapo, kikapu huwa kizito na mpokeaji hajui aanze na kipi.

Baada ya hapo naangalia vinavyoweza kukaa pamoja. Hapa ndipo vikapu vingi huharibika, kwa sababu siagi na unga hunyonya harufu haraka sana. Biskuti zikikaa pembeni ya sabuni au mshumaa wenye manukato, zitakuwa na ladha ya manukato hata zikiwa zimefungwa kwenye karatasi. Kwa hiyo vya kula na vya kuogea navitenganisha kwenye vikapu viwili. Ikibidi viwe kimoja, biskuti huziweka kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, na sabuni kwenye mfuko wake uliofungwa.

Adui mwingine ni unyevu. Biskuti zifungwe zikiwa zimepoa kabisa. Zikiwa na uvuguvugu, mvuke hubaki ndani ya kopo na kesho yake zimelainika. Skrabu ya sukari, ile ya kusugulia ngozi, nayo haitaki tone la maji. Natumia sehemu mbili za sukari kwa moja ya mafuta ya nazi, mathalani gramu 200 kwa gramu 100, na nachanganya kwa kijiko kikavu ndani ya chupa kavu. Mafuta ya nazi huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, kwa hiyo chupa iwe na mfuniko wa kuzungusha na isimame wima. Kwenye lebo naandika: "Chota kwa kijiko kikavu." Maji ya bafuni yakiingia, kuvu huota.

Jamu ndiyo ninayoipenda zaidi kuitoa, maana hukaa miezi mingi ikifungwa sawasawa. Naijaza ingali moto kwenye chupa za mililita 250 zilizochemshwa, naacha nafasi ya milimita 6 juu, napangusa mdomo wa chupa, nafunga mfuniko mpya wa kubana, kisha nazichemsha chupa zikiwa zimefunikwa na maji kwa dakika 10. Anayeishi kwenye mwinuko unaozidi mita 1,800 achemshe dakika 15, kwa kuwa huko maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Baada ya saa 12 hadi 24 nabonyeza katikati ya kila mfuniko. Ukicheza na kutoa mlio, chupa hiyo haikufunga. Iende kwenye friji iliwe nyumbani, isiingie kikapuni. Kitunguu saumu kilicholowekwa kwenye mafuta sikitoi zawadi kamwe, hata kiwe kizuri namna gani kwa macho. Kikikaa nje ya friji, bakteria wa botulizimu, sumu kali ya chakula, wanaweza kuzaana humo bila kubadili harufu wala ladha. Asali nayo haifai kwa mtoto wa chini ya mwaka 1. Nyumba ikiwa na mtoto mchanga, naliandika hilo wazi.

Kwa chupa ya supu kavu nachukua chupa ya mililita 500, gramu 100 za mchele na gramu 200 za adesi. Chenye chembe ndogo kikae chini, la sivyo kitapenya kwenye chembe kubwa na mistari itapotea. Viungo vya unga navifunga kwenye kikaratasi na kukilaza juu. Nafasi inayobaki chini ya mfuniko naijaza karatasi safi iliyokunjwa, kwa sababu chupa isiyojaa ikitikiswa njiani hufika ikiwa mchanganyiko mtupu. Lebo inasema: maji lita moja na nusu, moto mdogo, dakika 30 hadi 40, chumvi mwishoni.

Kila lebo ina jina la kitu, tarehe ya kutengenezwa na viambato vyote, hasa karanga, maziwa, mayai na ngano. Hili siliruki hata nikimjua mtu vizuri, kwa sababu wageni wake nao watakula.

Kalenda naipanga kurudi nyuma kuanzia siku ya kutoa. Sabuni ya kuungwa kwa magadi makali (kostiki soda) bila kupika inahitaji wiki 4 hadi 6 za kukauka; jamu na supu kavu zinaweza kutangulia; biskuti siku moja au mbili kabla.

Kupanga kwenyewe naanza na kipande cha boksi kilichokatwa kwa umbo la kitako, ili kikapu kisibonyee katikati. Juu yake karatasi ya kaki iliyofinyangwa, hadi theluthi ya kina. Gazeti silitumii, wino wake huchafua. Virefu na vizito nyuma, vifupi mbele, na kioo kisigusane na kioo. Kisha nainamisha kikapu polepole. Nikisikia mgongano, naongeza karatasi hapo hapo.

Karatasi angavu ya kufungia naipima hivi: upana wa kitako, jumlisha kimo mara mbili, jumlisha sentimita 40. Kikapu cha kitako cha sentimita 30 chenye kimo cha 35, pamoja na vitu vilivyomo, kinataka sentimita 140. Wengi hukata fupi na kukosa pa kufungia. Utepe wa mita mbili na nusu unatosha fundo na kitanzi kikubwa. Kikapu kibebwe kwa kushikwa kitakoni, na kwenye gari kikae sakafuni, mbali na jua, hasa kama kina mshumaa.