Kompyuta mpya ina bedi sekta (sekta mbovu, yani vile vipande vidogo vya diski vinavyotunza data), halafu unaambiwa "tutaifomati tu"

Wakuu, hapa Mwanza ukimpelekea fundi diski inayosumbua jibu la kwanza ni "niachie niipige fomati", sawa, kama mashine ni ya zamani fomati tu, ila mashine ndo kwanza imetoka kwenye boksi na waranti inasoma, mimi fomati sitaki kuisikia.

Yangu ni desktopu, nilichukua mjini kati, diski ya tera moja ile ya kuzunguka sio SSD. Ilianza kwenye kukopi picha za harusi ya Nyegezi, inakopi vizuri kabisa, ikifika faili fulani inaganda, unasikia ka-ka-ka ndani ya kasha, alafu inaruka inaendelea na nyingine. Nikashusha CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, ya bure hiyo, juu pameandikwa Caution kwa njano na mstari wa C5 una 10. Hapo wengi wanapigwa chenga, zile namba ziko kwenye heksadesimali (zinahesabiwa kwa kumi na sita badala ya kumi) kwahiyo 10 ni 16.

C5 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje. Ukiandika kitu kipya juu yake ndo inajua, kama data ilivurugika tu, labda umeme ulikatika inaandika (na huku umeme tunaujua), sekta inarudi kazini, kama ni mbovu kweli inahamishiwa kwenye sekta za akiba na namba ya 05 inapanda. Sasa fomati kamili ya Windows, sio ile ya haraka ambayo haikagui chochote, inaandika zero diski nzima, yani C5 inaweza kusafishika yote, fundi anakuwashia Windows inafunguka chap, unalipa unaondoka, na picha zako zimeenda.

Nikahamisha kwanza vya muhimu kwenye diski ya nje, ndo nikapiga chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski nzima na kutafuta sekta mbovu, ikalala inafanya kazi, asubuhi ripoti ina mstari wa "KB in bad sectors" na sio zero. Kucheki C5 tena, 28, yani 40. Sekta chache ambazo hazisogei naweza kuishi nazo huku nazichungulia, zinazoongezeka kwenye diski mpya hapana aisee, labda ilipigwa matuta njiani, labda imetoka hivyo kiwandani, vyovyote mimi sio wa kuibeba.

Mwenye duka, mzee wa heshima zake, akaniambia "kijana hayo ni mambo ya Windows". Nikamwambia shikamoo mzee, hizi namba diski inazitunza yenyewe, hata ukiihamishia kwenye mashine nyingine zitasoma hivihivi. Kijana wake akaichomeka kwenye mashine ya dukani, njano ileile. Risiti ninayo, picha za skrini za kabla na baada ninazo, ubishi ukaisha.

Nikaongeza hela kidogo nikapewa SSD, nayo niliicheki palepale kaunta kabla ya kusaini.