Boti haiwashwi mpaka jina lijibiwe

Wiki hii jioni zangu zote zimeishia kwenye karatasi ya majina ya boti yetu ya kupeleka wageni kuzamia, hapa Nungwi, Zanzibar. Kusi imeanza kulegea, wageni wanakaribia kuingia kwa wingi, na nilitaka fomu mpya iwe tayari kabla Mnemba, kisiwa kidogo chenye miamba tunakokwenda kuzamia, hakijajaa maboti. Fomu ya zamani ina safu ya jina, saa ya kuzama, saa ya kutoka, hewa aliyoondoka nayo mtu na hewa aliyorudi nayo. Mwisho kabisa, pembeni, kuna kijisanduku cha kutia alama ya vema: amepanda. Safu ya hewa imepewa nafasi ya kuandika barua. Kijisanduku hiki hata ncha ya penseli inakijaza, nacho ndicho kinachotuambia kama tunaweza kung'oa nanga.

Nadhani kila anayefanya kazi ya kupeleka watu kuzamia anapaswa kuyajua yaliyotokea Australia tarehe 25 Januari 1998. Tom na Eileen Lonergan, mume na mke, Wamarekani waliokuwa wametoka kufanya kazi ya kujitolea katika visiwa vya Pasifiki, waliondoka Port Douglas, jimbo la Queensland, kwa boti ya wazamiaji wakaenda kwenye miamba ya Great Barrier Reef. Walizama mbizi ya mwisho ya siku ile alasiri. Walipoibuka, boti haikuwapo. Ilikuwa imerudi pwani, abiria wameshuka, mitungi imeshushwa, na kila mtu ameenda zake. Zilipita siku mbili kabla mtu hajashtuka kwamba kuna wawili hawakurudi, na kilichowashtua ni begi lao lililokuwa bado limo botini. Ndege na meli zilitafuta eneo kubwa la bahari. Hawakuonekana tena. Miezi kadhaa baadaye kiliokotwa kibao cha kuandikia chini ya maji, kikiwa na tarehe, saa na jina la boti, na maneno ya kuomba waokolewe kabla hawajafa.

Watu wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya papa na usiku wa baharini. Mimi kinachonikaa moyoni ni kwamba siku ile watu walihesabiwa. Hakuna aliyeamua kutohesabu. Hesabu ilifanyika na ikapita kuwa imetimia, huku watu wawili wakiwa majini. Halafu lile begi. Fikiria limelala botini siku mbili, nguo za watu na vitu vyao, na boti inafagiliwa pembeni yake. Kama kungekuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake jioni ile ni kuuliza kila kilichobaki ni cha nani, msako ungeanza usiku uleule, wakati mkondo haujawapeleka mbali.

Nahodha alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na mwaka 1999 akaachiwa huru. Queensland ikakaza masharti: watu wahesabiwe kabla boti haijaondoka kwenye mwamba, na hesabu iandikwe. Kati ya hapo yalisemwa maneno mengi ya ovyo, eti huenda wale wawili walijificha kwa makusudi, eti huenda walitaka kufa. Naona binadamu ni mwepesi kuamini hadithi ngumu kuliko kukubali kwamba mtu alihesabu vibaya.

Kisa cha pili ni cha California, Aprili 2004, na kwa fundi wa kazi hii kina funzo kubwa zaidi kwa sababu aliyeachwa aliishi. Mzamiaji mmoja alizama karibu na mtambo wa mafuta baharini, masikio yakamsumbua, akabaki nyuma ya wenzake na kuibuka mbali na boti. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Alipuliza filimbi, akapandisha boya lake, hakuna aliyesikia wala kuona. Botini, kwenye orodha, jina lake lilitiwa alama kwamba amepanda. Wakaondoka. Wakafika kituo cha pili cha kuzamia, na huko pia akaandikwa kana kwamba yupo pamoja nao na amezama tena. Mtu yumo peke yake baharini, karatasi inamwonesha anaendelea kuzama na kuibuka vizuri! Aliokolewa baada ya saa kama tano na meli ya matanga iliyokuwa na vijana wa skauti. Mmoja wao alimwona. Alienda mahakamani, na mwaka 2010 baraza la wazee wa mahakama likaamua alipwe zaidi ya dola milioni moja na nusu.

Orodha walikuwa nayo, tena ya majina, si ya vichwa tu. Lakini alama iliwekwa na mkono ambao macho yake hayakuwa yamemwona mtu. Ndiyo maana nasema kijisanduku kile ni kidogo mno. Kinamwachia mwenye penseli atie vema kwa kudhani, kwa kukisia, kwa kuambiwa.

Kwa kuambiwa hasa. Msimu uliopita tulikuwa Mnemba, upande wa mashariki, wazamiaji wametoka na waogeleaji wa juu wamepanda, mabinti wanakata nanasi. Siku kama hiyo pale kuna boti za Nungwi, za Kendwa, za Matemwe, zote za mbao, zote zina turubai la kivuli, na kwa mtu aliye majini na miwani yenye ukungu zinafanana. Nikaanza kuita majina. Nilipofika kwa mama mmoja, mumewe akajibu: “Yupo, nimemwona akipanda.” Alijibu kwa uhakika, wala hakuwa anadanganya. Alikuwa amemwona mwanamke mwenye vazi jeusi la kuogelea akipanda ngazi, na wanawake wenye vazi jeusi siku ile walikuwa wengi.

Nahodha wetu alikuwa ameshika kamba ya nanga. Akaniuliza, “Mwanangu, umemwona wewe?” Nikamwambia bado. Akaiachia kamba, akakaa. Mgeni mmoja akaanza kulalamika kwamba gari lake la uwanja wa ndege linamsubiri. Nahodha hakumjibu, alinyoosha kidole kwenye karatasi yangu na kungoja. Tulizunguka boti nzima, tukatazama chooni, tukatazama mbele chini ya turubai. Kisha kijana wetu akapiga mluzi kwenda boti ya jirani, na huyo mama akainua mkono kutoka huko, ana kipande cha tikiti mdomoni, anashangaa kwa nini watu wote wanamtazama. Alikuwa salama wakati wote. Lakini kama angekuwa amebebwa na maji upande wa nyuma ya mwamba, jibu la mumewe lingekuwa lilelile, kwa sauti ileile.

Tangu siku ile sikubali mtu amjibie mwenzake. Mume asimjibie mke, rafiki asimjibie rafiki, mama ajibie mtoto mchanga tu. Naita jina, mtu anasema mwenyewe “nipo”, na ninamtazama usoni kabla penseli haijagusa karatasi. Inachukua dakika chache. Wapo wanaoona ni mambo ya shule, lakini nikiwaeleza sababu, wengi hunyamaza na kukaa sawa.

Wengine huhesabu mitungi. Naelewa kwa nini: mitungi haitembei, imepangwa kwenye safu yake, unaipitisha macho mara moja. Lakini mtungi wa akiba ukishatumika, au mtu akibadilisha mtungi kwa sababu ulikuwa unavuja, hesabu hiyo inaweza kukuambia uongo na wewe ukaridhika. Mitungi iwe shahidi wa pili. Shahidi wa tatu, kwangu, ni kapu la viatu. Hapa kwetu mgeni huvua viatu kabla ya kupanda, na vyote huingia kapuni. Tukirudi pwani, kapu linamwagwa mchangani na kila mtu anachukua vyake. Viatu vikibaki, hakuna anayekwenda nyumbani kwanza. Ni ukaguzi wa kuchelewa, nakubali, lakini wa kuchelewa saa moja si sawa na wa kuchelewa siku mbili.

Kwa sababu ni bahari inayohamisha watu. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hupanda na kushuka karibu mita nne, na maji yote hayo lazima yapite mahali. Kona za Mnemba zinajulikana kwa mkondo. Mkondo wa maili mbili za baharini kwa saa si wa ajabu, wala hautishi ukiwa ndani yake, maana unachukuliwa taratibu pamoja na kila kitu kilicho karibu nawe. Ila kwa saa moja umekupeleka karibu kilomita nne. Kwa saa nne, kama kilomita kumi na tano, na hapo sehemu ya kutafutwa si mstari tena, ni uwanja mpana unaozidi kupanuka. Upepo ukivuma kidogo, kichwa cha mtu kati ya mawimbi ni kama kifuu cha nazi: nahodha mwenye macho makali anaweza kupita karibu asikione. Ndiyo maana sizamishi mtu asiye na boya refu la kujipulizia, lenye rangi ya chungwa, pamoja na filimbi. Kioo kidogo pia, kwa kuwa jua tunalo. Maji yetu ni ya uvuguvugu, watu husema, mtu hawezi kuganda. Kweli, haraka hivyo hawezi. Lakini hata maji ya nyuzi 27 yanachota joto la mwili, na usiku ni mrefu.

Jambo jingine ambalo wageni hawalijui ni kwamba kwenye fomu ya zamani sisi wenyewe hatumo. Majina ni ya waliolipa. Kiongozi anayezama nao, kijana anayepiga picha za chini ya maji, mwanafunzi anayejifunza kazi, hawana mstari wao. Tunadhaniwa tuko daima, kwa sababu sisi ndio tunaohesabu. Lakini kiongozi ndiye anayebaki mwisho majini, akifungua kamba ya boya au akimsukuma mgeni ngazini, na ndiye ambaye kukosekana kwake kunaweza kudhaniwa kwamba yuko nyuma anapanga mitungi. Fomu mpya inaanza na jina la nahodha, kisha mabaharia, kisha viongozi, halafu wageni. Na anayehesabu hajihesabu mwenyewe. Nahodha ndiye anayeliita jina langu.

Kwa watu wa Nungwi haya si mageni. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama kwenye mkondo wa hapa ikielekea Pemba. Waliookolewa waliletwa pwani yetu, wengine wakiwa wameelea usiku kucha kwa kushikilia magodoro. Maiti kama 200 zilipatikana, na baadaye tume ikaja kusema zaidi ya watu 1,000 hawakuonekana. Siku za mwanzo hakuna aliyeweza kusema meli ilikuwa imebeba watu wangapi, kwa sababu walipanda bila kuandikwa. Zipo nyumba ambazo zilisubiri bila kujua kama mtu wao alipanda au aliahirisha safari. Boti ya wazamiaji ni kitu kidogo mno mbele ya msiba ule, lakini aliyebaki pwani anahitaji jambo lilelile: jina la mtu wake liwe limeandikwa mahali, na nakala ya karatasi ibaki nchi kavu. Kwa hiyo kila asubuhi naacha nakala ofisini kabla hatujasukuma boti. Mtu akiongezeka dakika ya mwisho, anashuka, anaandikwa kwanza kote kuwili, ndipo anapanda.

Kijisanduku nimekifuta. Badala yake kuna safu mbili pana: kwenye moja mzamiaji anatia sahihi kwa mkono wake akishatoka majini, kwenye nyingine naandika saa niliyomwona. Penseli imefungwa kwa uzi kwenye nguzo ya turubai, maana wino wa kalamu unayeyuka ukiguswa na mkono wenye maji. Kila kituo kina karatasi yake. Karatasi ya kituo cha kwanza haitumiki cha pili hata kama watu ni walewale.

Lililobaki ni la maboti kwa maboti. Mzamiaji akiibuka mbali na kuchukuliwa na boti nyingine, sisi tutazunguka tukimtafuta huku yeye anakunywa chai mahali. Boti nyingi ndogo hazina redio, na simu nyuma ya mwamba inashika na kukatika. Nimezungumza na manahodha kadhaa tubadilishane namba, na tukubaliane kwamba anayeokota mtu asiye wake hang'oi nanga mpaka awe amesimama mahali pa kuonekana na kumwinua mtu huyo mkono juu. Wengi wamekubali. Mmoja anasema itamchelewesha na matajiri wake hawapendi; kesho baada ya sala ya alasiri nitakwenda kukaa naye tena. Wenzangu wa Mafia, Watamu na Diani, kama kwenu mna utaratibu wa namna hii kati ya boti na boti, niandikieni mnaufanyaje.