Seva ya Televisheni Nyumbani, Hapa Tororo

Tangu Uganda ilipoanza kuzima matangazo ya analojia mwaka 2015, vituo vyetu vya bure hurushwa kwa mfumo wa DVB-T2, yaani kizazi cha pili cha televisheni ya kidijitali ya antena, ule ule unaotumika upande wa pili wa mpaka, nchini Kenya. Wengi wetu huvipokea kwa king'amuzi kilichounganishwa na televisheni moja sebuleni, na anayetaka kutazama akiwa chumbani hushika simu na kuanza kula bando, ilhali kipindi hicho hicho kinapita juu ya paa lake bila malipo. Seva ndogo ya nyumbani huondoa hasara hiyo, kwa kuwa hupokea matangazo kutoka kwenye antena, huyagawa kwa waifai kwenye kila simu na kompyuta ya nyumba, na huyarekodi kwa saa utakayoipanga. Ruta haihitaji hata kuwa na intaneti, maana data yote huzunguka ndani ya nyumba.

Kompyuta yenyewe haina mjadala mrefu. Seva haigeuzi video, bali huchukua mkondo wa data kama ulivyotoka hewani na kuuandika kwenye diski au kuupeleka kwenye simu, kwa hiyo kompyuta ndogo ya ofisini iliyokwisha kustaafishwa, au hata Raspberry Pi, ile kompyuta ya ukubwa wa kiganja, huimudu kazi hiyo bila taabu.

Panapotakiwa uangalifu ni kwenye kipokezi, yaani kile kifaa kidogo cha USB kinachochomekwa waya wa antena. Sokoni kuna vipokezi vya bei nafuu vinavyotangazwa kuwa ni vya televisheni ya kidijitali, na kweli ni vya kidijitali, ila ni vya kizazi cha kwanza, DVB-T, ambacho hakiwezi kusoma matangazo yetu. Chipu ya RTL2832U ikiwa peke yake ni mfano wa aina hiyo. Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwamba T2 imetajwa waziwazi na kwamba Linux, mfumo endeshi wa seva, inakitambua kifaa. WinTV-dualHD ya Hauppauge na kadi ya Raspberry Pi TV HAT hutimiza masharti yote mawili.

Wapo wanaodhani kwamba kurekodi vituo vitatu kwa wakati mmoja kunadai vipokezi vitatu. Sivyo. Katika utangazaji wa kidijitali, mkondo mmoja wa masafa wenye upana wa MHz 8 hubeba kundi zima la vituo, mithili ya abiria wa basi moja, na kipokezi kikishaunasa mkondo huo, seva inaweza kurekodi kituo kimoja huku ikionyesha kingine sebuleni na cha tatu jikoni. Kipokezi cha pili huhitajika pale tu ambapo vituo unavyovitaka vimo katika mikondo tofauti.

Programu ninayoitumia ni Tvheadend, ambayo ni huria na husimamiwa kupitia kivinjari kwenye mlango (port) namba 9981. Huweza kupekua masafa yenyewe, lakini ukijua namba ya mkondo wa mnara wa matangazo ulio karibu nawe, ni haraka zaidi kuyaandika kwa mkono: mkondo wa 21 uko kwenye MHz 474, na kila mkondo unaofuata huongeza MHz 8. Kwenye simu na televisheni, programu ya kutazamia kama Kodi au VLC hutosha. Jellyfin, programu nyingine ya seva iliyochipuka kutoka ile ya Emby mwaka 2018, hupanga rekodi kwa picha na maelezo ya kupendeza, ingawa kwangu mimi hayo ni mapambo.

Sasa nije kwenye umeme, ambao kwa maoni yangu ndio huamua kama seva itakuwa ya manufaa au ya kukasirisha. Kompyuta ya ofisini huwa na mpangilio wa kuiamuru ijiwashe pindi umeme unaporudi, nao ni wa kuwekwa siku ya kwanza. Jambo lisilofikiriwa na wengi ni saa. Raspberry Pi 4 na zilizoitangulia hazina saa yenye betri. Umeme ukikatika na kurudi, huuliza saa kwenye intaneti, na ikiwa bando limekwisha, huamka zikiamini kwamba muda haujasogea, kisha hurekodi kipindi kisichokuwa chenyewe. Moduli ndogo ya saa kama DS3231 huondoa tatizo hilo. Kompyuta ya ofisini tayari ina betri yake ya saa, na ndiyo maana naipendelea.

Antena nayo iwe ya nje, aina ya Yagi ya UHF, kwa sababu paa la mabati huzuia mawimbi kuifikia antena ya ndani. Ielekeze kwenye mnara, na uangalie kama vijiti vya antena za majirani vimelala au vimesimama, kisha vyako uviweke vivyo hivyo. Kikuza mawimbi hakiponyi mawimbi mabovu. Hukuza na kelele zake.

Hapa Tororo kuna la ziada. Vipimo vya miaka ya 1967 hadi 1976 viliupa mji huu wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, na mlingoti wa chuma juu ya paa ni mwaliko kwa radi. Mlingoti uunganishwe kwa waya mnene na fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini, na fimbo hiyo iunganishwe na ile ya umeme wa nyumba. Hata hivyo hakuna kifaa kinachohimili radi ya moja kwa moja, kwa hiyo wingu likijikusanya, waya wa antena huchomolewa. Seva yangu huzungumza na ruta kwa waifai badala ya waya, ili mshtuko ukiingia usisafiri hadi vyombo vingine.

Vituo vya kulipia vimefungwa kwa msimbo, na seva haivifungui. Rekodi za vituo vya bure ni za kutazamwa nyumbani; anayezipeleka kwenye kibanda cha video na kutoza kiingilio anaingia kwenye Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006.

Ratiba ninayoipata hewani mara nyingi huishia kwenye kipindi kilichopo na kinachofuata, kwa hiyo hupanga rekodi kwa saa badala ya jina la kipindi, na huongeza dakika 5 kabla na 30 baada, maana taarifa ya habari ya saa tatu usiku huisha inapotaka. Diski hailalamiki: kituo kinachotumia megabiti 2 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 0.9 kwa saa, hivyo terabaiti 1 huchukua zaidi ya saa 1,000. Tvheadend nimeiagiza ifute habari baada ya wiki moja, na mechi za Cranes, timu yetu ya taifa ya soka, iziache hadi nizifute mwenyewe.