Mbio wanakimbia pamoja, pesa anapata mmoja

Nimetoka kuongea na mdogo wangu kwa vidio saa hii, yuko Marekani na skolashipu ya mbio, na roho inaniuma jamani.

Tangu 2021 wanariadha wa vyuo kule wanaruhusiwa kulipwa jina na picha zao zikitumika, kama kwenye matangazo. 2025 mahakama ikaidhinisha vyuo viwalipe moja kwa moja. Ila yeye ana viza ya F-1, ya mwanafunzi, akisaini tangazo anahatarisha viza!

Leo mwenzake Mmarekani kamuonyesha viatu vya mkataba mpya. Wanaamka alfajiri pamoja, wanakimbia pamoja, na mdogo wangu ndiye humshinda.

"Nilimpongeza tu," akasema, akanyamaza, halafu akauliza kama mama amekunywa dawa.

Hapo ndio nimeishiwa nguvu.

Wenye ndugu huko, kuna njia halali? Niambieni.